Lori la zamani likikosa nguvu mwendo wa chini: Kagua haya kabla ya kufungua pampu

Malori madogo ya dizeli ya miaka mingi, kama vile Mitsubishi Canter na Isuzu za mtindo wa zamani, ni tegemeo la wakulima na wafanyabiashara wengi wa Nyandarua. Ndiyo yanayotoa viazi, kabichi na karoti mashambani Kinangop, Kipipiri na Ndaragwa hadi Soko Mjinga, Naivasha na Nairobi. Lori la aina hiyo linapoanza kudhoofika, mara nyingi halizimiki ghafla. Huanza kwa kusita kuondoka likiwa na mzigo, hutetemeka likishika gia ya pili mlimani, na dereva hulazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho ili litambae.

Hapo wenye malori wengi hupewa jibu moja: pampu ya dizeli imeisha. Pampu inafunguliwa, pesa zinatumika, na wakati mwingine lori linarudi barabarani na udhaifu ule ule. Makala haya yanaeleza jinsi mwenye lori, dereva na fundi wanavyoweza kutafuta chanzo hatua kwa hatua, wakianza na mambo yasiyogharimu kitu. Maelezo yanahusu injini za zamani zenye pampu ya dizeli isiyotumia kompyuta.

Swali la kwanza: Nguvu inapotea chini au juu?

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Pistoni inapopanda, hewa ndani ya silinda hubanwa hadi ikawa moto sana, kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini inahitaji mambo manne: hewa ya kutosha, dizeli ya kutosha, mbano wa kutosha, na dizeli kuingia kwa wakati unaofaa.

Mambo haya manne hayaathiri injini kwa njia moja. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, pistoni huchukua karibu sehemu 4 kati ya 100 za sekunde kupanda mara moja. Ikizunguka mara 2,400, pistoni hiyo huchukua thuluthi moja tu ya muda huo. Maana yake ni kwamba kwenye mwendo wa chini hewa iliyobanwa ina muda mara tatu zaidi wa kupenya kwenye ringi zilizochakaa au vali zisizofunga vizuri, na kupoteza joto lake. Ndiyo sababu injini iliyochakaa huonyesha udhaifu kwanza wakati wa kuondoka na kwenye gia nzito, ilhali ikishapata kasi huonekana nzima.

Kwa upande mwingine, filta ya dizeli iliyoanza kuziba huleta shida kwanza kwenye kasi ya juu, kwa sababu hapo ndipo injini hudai dizeli nyingi zaidi. Lori huondoka vizuri, kisha hukata nguvu likiongezwa mwendo.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, dereva ajibu maswali haya na kuyaandika:

- Udhaifu uko wakati wa kuondoka, kwenye kasi ya juu, au wakati wote?
- Unatokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au hali zote mbili?
- Ulianza ghafla au umekuja polepole kwa miezi?
- Kuna kitu kilichofanyiwa lori siku chache kabla, kama vile kubadilisha filta, kujaza dizeli kituo kipya, kutengeneza breki au kuweka magurudumu makubwa zaidi?

Udhaifu uliokuja ghafla mara nyingi una chanzo kidogo: paipu iliyotoboka, kebo iliyolegea au breki iliyokwama. Uliokuja polepole huelekea kuwa uchakavu.

Hewa ya Nyandarua ni nyepesi

Sehemu kubwa ya kaunti hii iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maeneo kama Ol Kalou na Kinangop yako juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko wa karibu mita 2,400, hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hiyo pungufu, kwa hiyo hata ikiwa nzima kabisa haiwezi kutoa nguvu ile ile iliyotoa pwani.

Hili lina maana kwa mtu aliyenunua lori Mombasa au Nairobi na kulileta hapa. Lori linaweza kuonekana gonjwa kumbe ni hewa tu. Pia pampu iliyowekewa kiwango cha dizeli cha pwani hutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo huku juu, na lori hutoa moshi mweusi mlimani.

Njia ya haki ya kupima lori ni kulilinganisha na lenyewe. Chagua mlima mmoja unaoujua, mzigo unaofanana na gia ile ile. Kama mwaka jana lilipanda kwa gia ya tatu na leo linadai ya pili, hapo kuna tatizo la kutafutwa. Kulilinganisha na lori la jirani lenye turbo hakutoi jibu.

Uzito halisi wa mzigo

Jambo la pili la kuondoa shaka ni mzigo. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kwa kipimo hicho hesabu ni rahisi: magunia 60 ni tani 3. Lakini gunia la lumbesa linaweza kupita kilo 100. Magunia 60 ya lumbesa yenye kilo 110 kila moja ni tani 6.6, yaani zaidi ya mara mbili, ingawa idadi iliyoandikwa kwenye kijitabu cha dereva ni ile ile. Lori lililoundwa kubeba tani 3 au 4 halina kosa likishindwa kuondoka na mzigo wa namna hiyo.

Namna ya kuendesha nayo ina nafasi yake. Malori mengi ya aina hii huvuta vizuri injini ikizunguka kati ya takriban mara 1,500 na 2,200 kwa dakika. Dereva anayeondoka na gia ya pili akiwa na mzigo, au anayeng'ang'ania gia ya juu mlimani hadi injini inatetemeka, anaichosha injini nzima. Gia ishushwe kabla injini haijaanza kulalamika.

Kusoma moshi

Moshi wa ekzosi ndio shahidi wa karibu zaidi. Mtu mmoja akae nyuma pembeni mwa barabara, mahali salama, lori lipande mlima likiwa na mzigo halali.

Moshi mweusi una maana kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa. Tafuta filta ya hewa iliyoziba, bomba la turbo lililotoboka, nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza, mzigo uliozidi au pampu iliyoongezwa dizeli.

Moshi mweupe au wa kijivu unaochoma macho una maana kwamba dizeli inatoka bila kuungua. Tafuta mbano mdogo, dizeli inayoingia kwa kuchelewa au nozeli mbovu. Moshi kidogo wa namna hiyo asubuhi ya baridi ni wa kawaida ikiwa unaisha injini ikipata joto. Ikiwa moshi mweupe unaendelea na maji ya rejeta yanapungua, huenda gasketi ya silinda imeachia maji yaingie. Lori hilo lisimamishwe.

Moshi wa buluu una maana kwamba oili ya injini inaungua. Tafuta ringi, sili za vali au turbo iliyochakaa.

Kutokuwa na moshi kabisa, huku lori likikosa nguvu, ni ishara muhimu ambayo wengi huipuuza. Ama injini haipati dizeli ya kutosha, ama injini ni nzima na kuna kitu kinachoizuia, kama breki iliyokwama au klachi inayoteleza. Lori kama hilo halihitaji kufunguliwa injini.

Ukaguzi usiogharimu pesa

Hatua hizi zinaweza kufanywa na dereva na utingo nyumbani, lori likiwa mahali tambarare na magurudumu yamewekewa vizuizi.

1. Kanyagio la mafuta. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage hadi mwisho, mwingine aangalie mkono wa pampu. Mkono huo unapaswa kufika mwisho na kugusa kizuizi chake. Kebo iliyolegea, au zulia lililokunjika chini ya kanyagio, huweza kuiba sehemu ya nguvu ya lori bila mtu kujua.

2. Filta ya hewa. Itoe na uiangalie dhidi ya mwanga wa jua. Kama mwanga haupiti, imeziba. Kuipigapiga ardhini huipasua karatasi na kupitisha vumbi. Ikiwa inaweza kusafishwa, hewa ipulizwe kwa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje. Angalia pia mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, kwa kuwa mpira wa zamani huweza kujikunja ndani na kufunga njia injini ikivuta. Lori lisiendeshwe bila filta hata kwa safari fupi, kwa maana vumbi la barabara za mashambani hukwaruza silinda haraka.

3. Tangi na njia ya dizeli. Legeza kifuniko cha tangi kisha endesha. Lori likipata nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Fungua kifaa cha kutenganisha maji, umwage maji na uchafu kwenye chombo. Kagua paipu zote kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta dizeli. Upande huu huvuta, kwa hiyo ufa mdogo unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli. Fundi anaweza kuweka kipande cha paipu angavu kwa muda, na viputo vikionekana hewa inaingia. Chujio dogo lililo kwenye pampu hiyo husahaulika mara nyingi hata filta kubwa ikibadilishwa.

4. Breki zinazoshika. Baada ya mwendo wa kilomita 5 hadi 10 usiohitaji breki nyingi, simama na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, breki yake inashika au beringi ina shida. Hakikisha pia breki ya mkono inaachia kabisa.

5. Klachi. Kwenye mwinuko, injini ikinguruma kwa kasi lakini lori halipandi, na kuna harufu ya kuungua, tatizo liko kwenye klachi. Kwa jaribio tulivu, weka breki ya mkono mahali tambarare, ingiza gia ya juu na uachie klachi polepole. Injini inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Jaribio lifanywe mara moja tu, na asiwepo mtu mbele wala nyuma ya lori.

6. Breki ya ekzosi. Malori mengi ya Canter na Isuzu yana kifuniko ndani ya bomba la moshi kinachofungwa dereva akiwasha breki ya ekzosi. Kikipata masizi na kutu kinaweza kubaki kimefunga nusu, na injini ikashindwa kutoa moshi wake. Injini ikiwa baridi, angalia kama mkono wa kifuniko hicho unarudi hadi mwisho.

7. Magurudumu. Upepo mdogo huongeza uzito wa kuvuta. Magurudumu makubwa kuliko yale ya kiwandani hufanya kila gia iwe ndefu zaidi, na lori huwa zito kuondoka.

Baada ya hatua hizi saba, malori mengi huwa yameshaonyesha kasoro yake. Ikiwa hakuna kilichopatikana, ndipo zamu ya fundi inafika.

Kazi ya fundi, kwa mpangilio

Nafasi ya vali. Hii ni kazi ya bei nafuu ambayo hurukwa mara nyingi. Kwa injini nyingi za Isuzu na Mitsubishi za aina hii, nafasi ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi, ila kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Nafasi ikiwa ndogo mno, vali haifungi vizuri na mbano hupotea, hasa kwenye mwendo wa chini. Ikiwa kubwa mno, vali haifunguki vya kutosha na injini hugonga.

Nozeli. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, fundi hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikikatiwa dizeli, mngurumo hubadilika. Isipobadilika, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi. Fundi avae miwani na afunike nati kwa kitambaa, wala asiweke mkono mbele ya mvujo. Dizeli inayotoka kwenye nozeli inaweza kupenya ngozi, na aliyepenywa anapaswa kufika hospitalini mara moja hata kama jeraha linaonekana dogo. Jaribio hili halifai kamwe kwenye injini za kisasa zenye mfumo wa kompyuta. Baada ya kujua silinda dhaifu, nozeli hutolewa na kupimwa kwa mashine yake.

Mbano. Huu ndio upimaji unaoamua kama injini inahitaji kufunguliwa. Kipimo hufungwa mahali pa nozeli au plagi ya joto, kisha injini huzungushwa kwa stata. Vitabu vingi vya malori haya huonyesha injini nzima ikitoa kati ya baa 25 na 31.

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye lori wa Nyandarua anapaswa kulijua. Takwimu za vitabu ni za usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 shinikizo la hewa liko pungufu kwa karibu robo, na kipimo cha mbano nacho hupungua hivyo hivyo. Injini ambayo ingesoma baa 28 Mombasa inaweza kusoma karibu baa 21 Ol Kalou bila kuwa na kasoro yoyote. Fundi anayesoma kitabu bila kukumbuka mwinuko anaweza kuhukumu injini nzima kuwa imekufa, na familia ikauza ng'ombe kulipia kazi isiyohitajika.

Kwa hiyo muhimu zaidi ni kulinganisha silinda na silinda. Zote nne zikikaribiana, na injini ikiwaka kwa urahisi asubuhi, mbano si tatizo. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya baa 3 hivi, hapo kuna vali, ringi au gasketi ya kutazamwa. Ishara nyingine ni pumzi: ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma na moshi ukatoka kwa kishindo, ringi zinapitisha.

Wakati wa dizeli kuingia. Dizeli ikichelewa kuingia, lori hutoa moshi mweupe na kuwa zito. Ikiwahi, injini hugonga kwa sauti kali. Ikiwa pampu iliwahi kutolewa na kurudishwa, alama zake zikaguliwe kwanza kabla ya kitu kingine.

Pampu yenyewe. Pampu huchakaa, tena uchakavu wake huonekana zaidi kwenye mwendo wa chini, kwa sababu dizeli hupata muda wa kurudi nyuma kupitia sehemu zilizolegea. Dalili yake ni lori linalowaka vizuri asubuhi lakini likashindwa kuwaka au kuondoka likiwa moto, bila moshi wa maana. Pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, na mwenye lori adai karatasi ya vipimo vya kabla na baada ya matengenezo. Pampu iliyotengenezwa bila kupimwa kwa mashine imekisiwa tu.

Malori yenye turbo

Turbo huendeshwa na moshi wa injini, kwa hiyo kwenye mwendo wa chini huwa bado haijaanza kusukuma hewa ya kutosha. Kusita kidogo kabla ya kuchangamka ni kawaida yake. Kusita kukizidi, kagua kwanza mabomba ya mpira kati ya turbo na injini. Ufa husikika kama mluzi au pumzi, na huacha alama ya oili na masizi.

Baadhi ya pampu za malori ya turbo zina kifaa kidogo juu yake chenye utando wa mpira, kilichounganishwa na turbo kwa paipu nyembamba. Kazi yake ni kuongeza dizeli hewa inapoongezeka. Paipu hiyo ikichomoka au utando ukipasuka, pampu hudhani turbo haifanyi kazi na kubana dizeli. Lori huwa zito, halina moshi, na mwenyewe huambiwa anunue turbo mpya. Wakati mwingine kinachohitajika ni kipande cha paipu.

Mambo yanayoharibu injini zaidi

Kufungua skrubu ya pampu ili "kuongeza dizeli" ni tabia iliyoenea. Lori huonekana kupata nguvu siku chache. Lakini huku juu ambako hewa tayari ni pungufu, dizeli ya ziada haipati hewa ya kuunguzia. Hugeuka moshi mweusi, joto la ekzosi hupanda, pistoni huanza kuungua na dizeli huosha oili kwenye kuta za silinda. Injini iliyohitaji filta huishia kuhitaji kufunguliwa.

Jambo la pili ni dizeli iliyochanganywa na mafuta taa. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa hayalainishi vya kutosha. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Dizeli inayouzwa kwa mitungi kando ya barabara haina wa kuiwajibikia. Wakazi wanaoshuku kituo chochote wanashauriwa kuweka risiti na kuripoti kwa mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA.

Usalama mlimani

Lori lisilo na nguvu ni hatari kwa wengine barabarani. Likikwama mlimani na kuanza kurudi nyuma, breki zilizochoka zinaweza zisilishike. Kila lori libebe vizuizi viwili vya magurudumu vya mbao nzito au chuma pamoja na pembetatu za tahadhari. Utingo anapoweka kizuizi asimame pembeni ya gurudumu, kamwe asiwe nyuma ya lori. Mawe yaliyotumika kama vizuizi yaondolewe barabarani lori likiondoka, kwa kuwa pikipiki nyingi huyagonga usiku.

Abiria wasipandishwe juu ya mzigo. Lori ambalo tayari linaonyesha udhaifu lipimwe likiwa tupu, kisha na nusu ya mzigo, kabla ya kurudishwa kwenye safari ya Naivasha au Fly Over. Magari ya biashara yanapaswa kukaguliwa na NTSA kila mwaka, na ni vyema kasoro za nguvu na breki zirekebishwe kabla ya siku ya ukaguzi.

Kuchagua fundi na kuweka kumbukumbu

Mwenye lori ana haki ya kumuuliza fundi amepimaje kabla ya kukubali bei. Fundi mzuri hueleza alichokagua na alichokiondolea shaka, na hurudisha vipuri vya zamani. Mafundi wa jua kali wenye uzoefu wanaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA ili ujuzi wao utambuliwe kwa cheti. Vijana wanaotaka kujifunza ufundi wa magari wanaweza kuulizia nafasi katika vyuo vya mafunzo ya ufundi, ambavyo viko chini ya serikali za kaunti.

Kila lori liwe na kijitabu. Kiandikwe tarehe ya kubadilisha filta na oili, tarehe ya kupanga vali, vipimo vya mbano vya kila silinda pamoja na mahali vilipochukuliwa, na gia inayotumika kwenye mlima ule ule wa kila siku. Kijitabu hicho kitaonyesha mapema lori likianza kuchoka, na kitamlinda mwenyewe asilipie kazi ileile mara mbili.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu: uzito wa mzigo, rangi ya moshi, kanyagio, hewa, njia ya dizeli, breki, klachi na breki ya ekzosi. Baada ya hapo vali, nozeli, mbano na wakati wa dizeli kuingia. Pampu ni ya mwisho.